Sakramenti kwa Maswali Matatu: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Sekondari

Wanafunzi wengi Wakatoliki wanaingia kidato cha kwanza wakiwa wameshakariri mengi. Ukiwauliza sakramenti ni ngapi, watajibu saba hata kabla hujamaliza kuuliza, na watazitaja kwa mpangilio. Wanapokwama ni kwenye swali linalofuata. Mtoto mchanga anazidiwa kisiwani Ukara, Ziwa Viktoria, usiku na padre yuko ng'ambo: nani ambatize, na kwa maneno gani? Umekunywa chai alfajiri: unaweza kukomunika, yaani kupokea Ekaristi, Misa ya kwanza? Cheti cha ubatizo kimepotea na Kipaimara ni mwezi ujao: uende wapi? Mambo haya hayajibiwi kwa kukariri orodha.

Tunapendekeza uchukue daftari, na kwa kila sakramenti uandike maswali matatu. Kinatumika kitu gani? Yanasemwa maneno gani? Nani anatoa, na nani anaruhusiwa kupokea? Maswali haya hatukuyabuni. Ndivyo Kanisa lenyewe linavyopima kama sakramenti imefanyika kweli: kuwe na kitu kinachotakiwa, maneno yanayotakiwa, na mhudumu mwenye nia ya kufanya lile linalofanywa na Kanisa. Kikikosekana kimoja, hakuna sakramenti, hata kama kanisa lilijaa na kwaya ikaimba vizuri.

Anza na Nasadiki

Sakramenti zimejengwa juu ya imani, na imani yetu iko kwenye Nasadiki, sala ya kukiri imani. Ziko mbili, na wanafunzi huzichanganya katikati ya njia. Ile fupi ni Nasadiki ya Mitume, ambayo tunaanzia Rozari. Ile ndefu ya Dominika (Jumapili) ilitungwa na Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nikea mwaka 325 na kukamilishwa Konstantinopoli mwaka 381. Ukitaka kuielewa, igawe sehemu tatu: Baba aliyeumba, Mwana aliyejifanya mtu akafa na kufufuka, Roho Mtakatifu anayelihuisha Kanisa. Kanisa, ubatizo, ufufuko wa wafu na uzima ujao vyote viko katika sehemu hiyo ya tatu.

Makosa mawili hujirudia kila mwaka kwenye madaftari. La kwanza ni kuandika "Miungu watatu". Mungu ni mmoja, Nafsi ni tatu, na kila Nafsi ni Mungu kamili, si theluthi ya Mungu. La pili ni kusema tunamwabudu Bikira Maria. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Maria tunamheshimu kuliko watakatifu wote na tunamwomba atuombee. Mwenzako wa dhehebu lingine akikuuliza bwenini, msomee mwisho wa Salamu Maria, "utuombee sisi wakosefu", halafu umwulize anayeombwa pale anaombwa afanye nini.

Jambo dogo la vitendo: ukisali Nasadiki ndefu, inamisha kichwa na mabega unapotaja jinsi Mwana alivyopata mwili kwa Bikira Maria. Siku ya Noeli na tarehe 25 Machi, sherehe ya Kupashwa Habari, mahali hapo hupigwa magoti. Wengi hushtuka kuona padre amepiga magoti nao wamebaki wamesimama.

Ubatizo: unachopaswa kuweza kufanya wewe mwenyewe

Kitu ni maji ya kweli. Ya ziwani yanafaa, ya bomba yanafaa, ya mvua yanafaa. Soda, maziwa, uji na mate havifai. Maneno ni haya: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mhudumu wa kawaida ni askofu, padre au shemasi. Ila mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa, mradi akusudie kufanya kile kinachofanywa na Kanisa.

Hili si jambo la kinadharia kwa watu wa ziwa hili. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, waliondoka Buganda (katika Uganda ya leo) Novemba 1882 wakavuka kuja upande wetu wa kusini, na misheni ya Bukumbi, kusini mwa mji wa Mwanza, ikaanza mwaka 1883. Hawakurudi Buganda hadi 1885. Muda wote huo Wakristo wa kule, wengi wao vijana, walifundishana wenyewe bila padre. Mei 1886, Karoli Lwanga, mmoja wa Mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani, alipoona kifo kinakaribia, aliwabatiza kwa mkono wake vijana waliokuwa wakingoja ubatizo, akiwemo Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14. Lwanga hakuwa padre. Alijua kitu, alijua maneno, basi. Kizito yule yule ndiye tunayemkumbuka pamoja na wenzake kila tarehe 3 Juni.

Ikitokea kwako, fanya hivi. Chukua maji safi, kikombe kimoja kinatosha. Mimina juu ya kichwa mara tatu, yagusane na ngozi na yatiririke, huku ukitamka maneno yale. Kumimina na kutamka viende pamoja, na afanye mtu mmoja yote mawili. Mmoja akimimina na mwingine akisema, ubatizo una kasoro. Usiseme "tunakubatiza". Mwaka 2020 Roma ilitamka wazi kwamba ubatizo wa maneno hayo si halali, na waliobatizwa hivyo inabidi wabatizwe. Kama mgonjwa ni mtu mzima mwenye fahamu, lazima awe ametaka mwenyewe. Aliyekwisha kufa habatizwi, tunamwombea. Awepo shahidi mmoja ikiwezekana, na habari zipelekwe parokiani mapema: jina la aliyebatizwa, wazazi, tarehe, mahali, aliyebatiza na shahidi. Mtoto akipona habatizwi tena. Anapelekwa kanisani kukamilishiwa ibada ndogo zilizobaki, kama mpako wa Krisma (mafuta matakatifu) na vazi jeupe, na jina lake linaandikwa kitabuni.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwanafunzi anayetoka dhehebu lingine kuja Kanisa Katoliki habatizwi ovyo upya. Kama alibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, ubatizo wake ni wa kweli, naye anapokelewa kwa kuungama imani. Ndiyo maana katekista atakudai cheti au shahidi. Anataka kujua maji na maneno yalikuwaje.

Misa, kuanzia getini

Tuanze na chai. Sheria ni kutokula wala kunywa kwa saa moja kabla ya kupokea Komunyo, si kabla ya Misa kuanza. Maji na dawa havivunji funga hiyo. Kama Misa ni saa moja asubuhi na Komunyo inafika karibu saa moja na dakika hamsini, aliyemaliza chai saa kumi na mbili na nusu hana tatizo lolote. Kuna wanaokaa Dominika nzima bila Komunyo kwa sababu ya kikombe cha alfajiri. Na kuna wanaoingia wakitafuna bigijii hadi kwenye mstari. Wote hawajafundishwa.

Mlangoni, chovya vidole kwenye maji ya baraka na ufanye ishara ya msalaba kwa mkono wa kulia: paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia. Kabla ya kukaa, tafuta taa inayowaka karibu na tabernakulo, kisanduku cha kutunzia Ekaristi. Kama iko, piga goti la kulia mpaka liguse sakafu. Kama tabernakulo haipo mbele, inamia altare. Kugusa goti kidogo na kuruka kwenye benchi si heshima kwa yeyote.

Misa ina sehemu nne: mwanzo, Liturujia ya Neno, Liturujia ya Ekaristi, na kuhitimisha. Sehemu mbili za katikati ndizo mwili wake. Wimbo wa "Utukufu" hauimbwi Dominika za Majilio (majuma ya kungojea Noeli) na za Kwaresima, na "Aleluya" hunyamazishwa Kwaresima yote. Zamu ya kwaya ya shule ikiangukia wakati huo, mwalimu wa kwaya aangalie kalenda mapema.

Dominika kuna masomo matatu na zaburi: somo la kwanza, mara nyingi kutoka Agano la Kale, wimbo wa katikati, somo la pili kutoka nyaraka za Mitume, kisha Injili, ambayo tunaisikiliza tumesimama. Padre anapotangaza Injili, chora misalaba mitatu midogo kwa kidole gumba: kwenye paji la uso, midomo na kifua.

Ukipangiwa kusoma somo, usifike mimbarini ukiwa hujaliona. Lisome kwa sauti mara tatu tangu Ijumaa. Piga mstari chini ya majina magumu na umwulize katekista jinsi ya kuyatamka. Mimbarini usisome maandishi mekundu, wala usianze na "Somo la kwanza". Anza na "Somo katika Kitabu cha Nabii Isaya", au kitabu chochote kinachohusika. Vuta pumzi kila kwenye nukta. Ukimaliza, nyamaza kidogo, ndipo useme "Neno la Bwana". Kosa kubwa la wasomaji vijana ni haraka: Paulo ana sentensi ndefu, na ukizikimbiza watu wanaambulia sauti tu. Kosa la pili ni kumeza kipaza sauti. Kaa nacho umbali wa kiganja.

Kwenye matoleo angalia mikono ya padre. Anaweka mkate wa ngano usiotiwa chachu, na divai ya zabibu anayoichanganya na maji kidogo. Hapa ndipo swali letu la kwanza lina uzito: ngano tupu na zabibu tupu. Muhogo, mtama au mahindi havifai, hata kama ndivyo chakula chetu cha kila siku, kwa kuwa Kanisa linashika kile alichokitumia Bwana kwenye karamu ya mwisho. Baadaye padre ananyosha mikono juu ya vipaji, yaani mkate na divai hiyo, na mara nyingi kengele inalia. Anamwomba Roho Mtakatifu. Kisha anatamka maneno ya Yesu mwenyewe juu ya mkate na juu ya kikombe. Tunasadiki kwamba tangu hapo si mkate tena wala si divai, ni Mwili na Damu ya Kristo, ingawa rangi, ladha na harufu hazibadiliki. Padre anapoinua hostia, yaani ule mkate uliogeuzwa, usizamishe kichwa wakati wote. Inainuliwa ili uitazame. Tazama, abudu kimoyomoyo, ndipo uiname.

Anayekomunika anatakiwa awe Mkatoliki aliyekwisha kupokea Komunyo ya kwanza, asiwe na dhambi ya mauti ambayo hajaiungama, na awe amefunga saa moja. Kama hujatimiza, baki mahali pako kwa utulivu. Hakuna aliyepewa kazi ya kuhesabu nani kakaa, na wanafunzi wanaowachunguza wenzao wasiokomunika wanawasukuma kupokea vibaya kwa aibu. Hilo ni kosa zito kuliko linavyoonekana.

Kwa kupokea mkononi, pale parokia inaporuhusu, weka mkono wa kushoto juu ya wa kulia, kiganja kikiwa wazi na kimenyooka, kama unatumia mkono wa kulia kwa kawaida. Mhudumu anasema "Mwili wa Kristo", nawe unajibu "Amina" kwa sauti inayosikika. Sogea hatua moja pembeni na ule hapo hapo ukiwa bado umeelekea altare, kabla hujaanza kurudi. Angalia kiganja: chembe ikibaki, ile. Hostia ikianguka usiikanyage wala kuificha. Simama na umwonyeshe mhudumu, yeye anajua la kufanya. Kwa ulimini, fungua kinywa vya kutosha na utoe ulimi. Wanaokaza meno ndio wanaosababisha hostia kudondoka.

Visiwani na katika vigango (makanisa madogo ya parokia) vya mbali, padre hafiki kila Dominika. Katekista anaongoza Ibada ya Neno: masomo, mafundisho, maombi, na mahali pengine Komunyo iliyotoka kwenye Misa ya nyuma. Nendeni, ni ibada ya Kanisa na Kanisa linaihimiza pale padre anapokosekana. Ila si Misa, kwa kuwa hakuna Sala ya Ekaristi wala mageuzo, yaani kugeuzwa kwa mkate na divai. Kwenye mtihani, na katika mazungumzo, tofautisha.

Kitubio: wengi wanaogopa kwa sababu hawajui la kusema

Sakramenti hii haina maji wala mafuta. Kinachochukua nafasi ya kitu ni matendo yako mwenyewe: kujuta, kuungama, na kulipia kosa. Maneno ni ya padre, na kiini chake ni "nakuondolea dhambi zako kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mhudumu ni padre tu. Shemasi, sista, katekista na mlezi wa wanafunzi hawawezi. Kwa simu au kwa ujumbe haiwezekani pia, lazima uwe mbele yake.

Dhambi ni ya mauti pale vitu vitatu vinapokutana: jambo lenyewe ni zito, ulijua kwamba ni zito, na ulikubali kwa hiari yako. Kikikosekana kimoja, ni dhambi nyepesi, ambayo inafaa kuungamwa lakini haikuzuii Komunyo. Dhambi za mauti zinaungamwa kwa aina yake na idadi yake kadiri unavyokumbuka, na angalau mara moja kwa mwaka. Lakini usingoje mwaka. Anayeungama kila mwezi hutumia dakika tatu. Anayengoja Pasaka hutumia nusu saa akitafuta maneno.

Jiandae dakika kumi kwa kupitia Amri Kumi moja moja. Jiulize mambo ya maisha yako, siyo ya kitabuni. Amri ya nne: uliwajibu vipi wazazi ulipokuwa likizo? Ya tano: ulimwonea kidato cha kwanza? Ya sita: unaangalia nini kwenye simu usiku? Ya saba: ulichukua sabuni ya mwenzako, ada uliitumia kwa kitu kingine, uliibia mtihani? Ya nane: ulisambaza habari za mtu kwenye kundi la WhatsApp?

Ukifika, fanya ishara ya msalaba, useme "Nibariki Padre, kwa kuwa nimekosa", kisha utaje ni lini uliungama mara ya mwisho. Halafu sema wazi na kwa kifupi. Tofauti ni hii. Kusema "nimekosa kwa mawazo na kwa maneno" hakumwelezi padre chochote. Kusema "nimeiba bwenini mara mbili, shilingi elfu tano ya mwenzangu na kalamu, pesa bado sijarudisha" kunatosha kabisa. Usitaje jina la mtu mwingine na usisimulie dhambi zake. Usijitetee. Ukikwama, mwambie "Padre, kuna jambo naona aibu kulisema", naye atakusaidia kwa maswali. Jambo ulilosahau kwa bahati mbaya limesamehewa pamoja na mengine. Likiwa zito, litaje safari ijayo. Uliloficha kwa makusudi linaharibu maungamo yote, na inabidi kuyarudia.

Padre atakupa kitubio, yaani malipizi: sala fulani au tendo. Ukiwa hukukisikia, uliza tena hapo hapo. Sali sala ya kutubu, ile inayoanza "Mungu wangu, nimetubu sana", kwa utulivu, usiikimbize. Ukitoka fanya malipizi siku hiyo hiyo kabla hujasahau. Na zile elfu tano zirudishwe. Msamaha haufuti deni. Unaweza kuzirudisha bila kujitangaza, kwa kuziweka ndani ya daftari lake.

Wanaoogopa kwamba padre atasema kwa mkuu wa shule wajue hili: siri ya maungamo haina mwanya. Padre anayeivunja moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo, na hawezi kutumia alichosikia hata kwa kukunyima nafasi ya uongozi. Wala haruhusiwi kukutazama vibaya kesho yake kwa sababu ya ulichosema.

Kipaimara: nusu ni roho, nusu ni makaratasi

Kitu ni mpako wa Krisma kwenye paji la uso pamoja na kuwekewa mkono. Krisma ni mafuta ya mimea, kwa desturi ya mizeituni, yaliyochanganywa na manukato na kuwekwa wakfu na askofu katika Misa ya Krisma karibu na Pasaka. Maneno ni "Pokea muhuri wa Paji la Roho Mtakatifu", nawe unajibu "Amina". Mhudumu wa kawaida ni askofu, ingawa padre aliyeruhusiwa anaweza. Mapaji ni saba: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Usiyakariri kama shairi. Chagua moja unalolihitaji zaidi muhula huu uliombe kwa jina lake.

Kinachowaangusha wanafunzi siyo mapaji. Ni cheti. Aliyebatizwa Kagunguli au Musoma na anasoma Mwanza mjini anatakiwa alete cheti cha ubatizo kutoka parokia alikobatizwa, kwa sababu kitabu cha huko ndicho kinachotunza kumbukumbu zake zote: Kipaimara, ndoa na daraja zitaandikwa pembeni ya jina lake pale pale. Kama kimepotea, parokia ile inatoa nakala nyingine. Utahitaji majina kamili ya wazazi, mwaka wa ubatizo, jina la ubatizo, na kigango. Namba ya cheti ikijulikana, kazi inaisha haraka. Isipojulikana, mtu atapekua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Anza miezi mitatu kabla. Omba ndugu aliyeko nyumbani aende ana kwa ana, kwa sababu simu peke yake huishia kwenye ahadi. Kama jina la cheti halilingani na la shule, mfano Paulo kule na Paul huku, au jina la ukoo tofauti, mwambie katekista sasa, usingoje orodha isomwe.

Msimamizi awe Mkatoliki aliyepokea Kipaimara na Ekaristi, mwenye miaka 16 au zaidi, anayeishi imani yake. Baba na mama mzazi hawaruhusiwi. Msimamizi wako wa ubatizo akipatikana ndiye bora. Wanaochukua rafiki wa bweni asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu shangazi amekosa basi la kutoka Sengerema, hujikuta na msimamizi ambaye hata Kipaimara hajapata. Pata wa akiba mapema.

Ungama siku moja au mbili kabla. Siku yenyewe usipake mafuta mazito usoni, na nywele zisifunike paji la uso. Msimamizi anasimama nyuma yako na kuweka mkono wake wa kuume begani kwako. Taja jina lako kwa sauti, au msimamizi alitaje. Baada ya Misa, kabla ya picha, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kitabu cha parokia.

Tatu zilizobaki

Mpako wa Wagonjwa: mafuta ya wagonjwa kwenye paji la uso na viganja, mhudumu ni padre peke yake. Si wa wanaokata roho tu. Anayeingia kwenye upasuaji mkubwa hospitali ya Bugando anaweza kuupokea, na ukirudi ugonjwa mwingine mzito unapokelewa tena. Mwite padre mapema, mgonjwa angali anazungumza, ili aungame na kukomunika pia.

Daraja Takatifu lina ngazi tatu, ushemasi, upadre na uaskofu, na linatolewa na askofu kwa kuwekea mikono na sala ya kuweka wakfu. Katika Ndoa, wahudumu ni bwana na bibi harusi wenyewe kwa kukubaliana kwao hadharani. Padre anapokea kwa jina la Kanisa. Wengi hukosa swali hili.

Na ukiulizwa zipi hazirudiwi kwa kuwa zinaacha alama isiyofutika rohoni, ni Ubatizo, Kipaimara na Daraja.

Funga, na kuhesabu mwaka

Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni siku za kufunga chakula na kuacha nyama. Kuacha nyama kunaanza ukitimiza miaka 14. Kufunga chakula, yaani mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo, ni kuanzia miaka 18 hadi kuanza mwaka wa 60 wa umri, yaani ukitimiza miaka 59. Kwa hiyo mwanafunzi wa miaka 15 anaacha nyama, lakini hafungwi na sheria ya kufunga chakula, ingawa anaweza kwa hiari kama afya inaruhusu. Samaki, mayai na maziwa vinaruhusiwa. Hapa ziwani, ambako sato na dagaa ndiyo mboga ya kila wiki, kuacha nyama hakumgharimu mtu chochote. Ongeza kitu kinachouma: vocha, soda ya kantini, au saa za simu, na pesa zilizookolewa zipelekwe kwa mwenye shida.

Mwisho, kwa wanaopanga masomo ya Dominika. Mzunguko ni miaka mitatu: A husoma Mathayo, B Marko, C Luka, na Yohane anachukua sehemu kubwa ya Kwaresima na Pasaka. Gawanya mwaka kwa tatu. Isipobaki kitu ni mwaka C, ikibaki moja ni A, ikibaki mbili ni B. 2025 ilikuwa C, 2026 ni A. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa unaanza Dominika ya kwanza ya Majilio, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, hivyo kuanzia siku hiyo hesabu kwa namba ya mwaka unaofuata. Msomaji anayesahau hili hufika mimbarini na somo la mwaka uliopita, huku padre ameandaa mahubiri ya mwaka mpya.